Choo Kinarudisha

Mvua ikishika saa mbili mfululizo, simu yangu haitulii. Anayepiga hata salamu hamalizi: "Fundi, choo kinarudisha, njoo sasa hivi!" Kabla sijavaa mabuti namuuliza mambo matatu. Ni vyoo vyote au kimoja? Kinarudisha mvua ikinyesha tu, au hata jua likiwaka? Ukimwaga ndoo ya maji kwenye choo cha chumbani, tundu la bafu la uani linabubujika? Akishanijibu, ninajua nibebe vifaa gani.

Maji taka hayana siri. Yanafuata mteremko, yakizuiwa yanajikusanya na kupanda, na yakipanda yanatokea kwenye tundu lililo chini kuliko matundu mengine yote. Ufundi bomba una mengi, lakini kwa habari hii ya uchafu kurudi ndani mimi nina neno moja la kumwambia mwenye nyumba: hakikisha tundu hilo la chini kabisa liko nje. Wengi wenu mnalo bafuni, na hamjui mpaka masika.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na walio wengi hawajaunganishwa na bomba la maji taka la mji. Mabomba hayo yako katikati ya jiji, Kariakoo, Upanga na maeneo mengine machache. Sisi wengine kila mtu na karo lake uani. Kwenye nyumba iliyojengwa kwa utaratibu, bomba la inchi 4 linatoka chooni hadi chemba ya kwanza, kisha kila linapokata kona linakuta chemba nyingine, mpaka kwenye karo. Karo lina vyumba viwili. Uchafu mzito unatuama chini, mafuta yanaelea juu, na maji ya katikati yanavuka kwenda chumba cha pili, halafu yanatoka kwenda kwenye shimo la mawe ambako ardhi inayanywa. Watu husahau hatua hiyo ya mwisho. Karo halimalizi maji, ardhi ndiyo inayoyamaliza. Ardhi ikikataa, nyumba nzima imeziba hata kama mabomba yake yamenunuliwa juzi.

Na ardhi hukataa. Kuanzia Machi hadi Mei, nenda Jangwani, Kigogo, Tandale au Bonde la Mpunga kule Msasani, uchimbe kidogo tu, utayakuta maji. Mvua ikinyesha siku kadhaa, maji ya ardhini yanapanda na kuingia kwenye shimo la mawe kwa chini na kwa pembeni. Shimo linajaa kabla hujavuta maji chooni. Likijaa lenyewe, karo halina pa kumwagia. Karo likijaa, chemba zinafuata. Chemba zikijaa, zamu ni ya choo. Mteja anaita gari la maji taka, linavuta, analipa, na kesho yake asubuhi karo limejaa vilevile. Ananipigia akilalamika kwamba dereva kamwibia. Hajaibiwa. Gari limemvutia maji ya mtaa mzima, na mtaa umemrudishia.

Tena kuvuta karo likabaki tupu kabisa wakati ardhi imelowa ni hatari. Siku hizi watu wengi wanafukia matangi ya plastiki kwa sababu ni rahisi na hayahitaji mwashi. Tangi hilo likiwa tupu, huku maji ya ardhini yamelizunguka, linasukumwa juu. Nimelikuta moja Mikocheni limechomoza kutoka ardhini, limeinua peving na kung'oa bomba la choo kwenye kiungo. Karo la matofali si rahisi kuelea, lakini kuta zake zinasukumwa kutoka nje na zinaweza kupasuka. Kwa hiyo ukibanwa sana na mvua, mwambie dereva avute sehemu tu, kiasi cha kukupa nafasi ya siku mbili tatu. Kulisafisha lote kungoje kiangazi. Kwa familia ya kawaida, karo lililojengwa vizuri linataka kuvutwa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, na mwezi mzuri wa kazi hiyo ni Januari au Februari, kabla ya masika, magari yakiwa hayajawa adimu.

Kuna wanaojiletea balaa wenyewe kwa maji ya bati. Mwenye nyumba ameweka peving nzuri, hataki kuona dimbwi uani, basi anamwambia kijana aelekeze bomba la mfereji wa bati kwenye chemba ya choo, maana ipo hapo hapo karibu. Fanya hesabu. Bati la mita 10 kwa 10 ni mita za mraba 100. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika ya Dar haimshangazi mtu, inamwaga juu ya bati hilo lita 5,000. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, haifikishi lita 500. Mvua moja ya mchana imelitia karo maji ya siku kumi kwa mara moja, halafu unashangaa kinyesi kimetokea bafuni! Kujua kama nyumba yako ina ugonjwa huu ni rahisi. Siku ya mvua, waambie wa ndani wasitumie maji kwa dakika kumi, kisha funua chemba. Ukiona maji yanatiririka, ni ya mvua hayo. Tafuta yanakoingilia uzibe, maji ya bati uyapeleke kwenye mtaro, au bora zaidi kwenye tangi la kufulia na kumwagilia.

Choo kikirudisha hata jua likiwaka, hapo tunazungumzia kuziba, na kuziba kuna utaratibu wake. Mimi huanza na chemba iliyo karibu na nyumba. Ikiwa kavu na choo kimejaa, kizuizi kiko baina yao, kazi ya nusu saa. Ikiwa imejaa, naenda ya pili, ya tatu, mpaka nikute iliyo kavu. Kizuizi kiko kati ya ile ya mwisho iliyojaa na hiyo. Ukifika kwenye karo na bado kumejaa, acha kusukuma waya, tatizo si bomba. Ninavyovitoa humo vinatosha kufungua duka: pedi, pampasi, matambara ya kudekia, vijiko, mchanga wa kusugulia masufuria, na mafuta ya kukaangia chipsi yaliyoganda yakawa meupe kama sabuni. Mizizi nayo haina adabu. Mkungu uliopandwa kwa ajili ya kivuli unaingiza mzizi mwembamba kwenye kiungo cha bomba kilichokosa gundi, na ndani ya miaka michache umejaza bomba zima.

Lakini kesi zinazonisumbua kuliko zote ni za usawa wa ardhi, na jiji hili linazizalisha kila mwaka. Niliitwa Mwananyamala kwenye nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, choo na bafu uani. Bafu lilikuwa na maji meusi yaliyofika kwenye kifundo cha mguu, na wapangaji walikuwa wamepanga matofali ya kukanyagia kutoka ukumbini hadi jikoni. Nikamwamkia bibi mwenye nyumba, akaitikia marahaba, kisha akaanza palepale: "Mwanangu, nyumba hii marehemu aliijenga na ngazi mbili. Ulikuwa unapanda ndipo uingie." Nikatazama mlangoni. Ngazi ya chini haikuwepo, imefukiwa. Ya juu ilikuwa sawasawa na barabara. Mtaa ulikuwa umewekwa lami juu ya kifusi, jirani wa kulia amejaza kifusi, wa kushoto naye amejaza akapandisha ukuta. Nyumba ya bibi haikuhama, ila wenzake wote wamepanda.

Nilichukua mpira wa levo, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kijana wangu akashika ncha moja kwenye mfuniko wa chemba karibu na geti, mimi nikashika nyingine bafuni. Tukangoja maji yatulie. Usawa wa mfuniko ulikuja kusimama kwenye ukuta wa bafu, sentimita 12 juu ya sakafu. Nikamwita bibi aone kwa macho yake, nikaweka alama ya penseli ukutani. Maana yake ni kwamba karo likijaa, bafu lote litafurika mpaka kwenye ile alama kabla hata tone moja halijamwagikia nje kwenye chemba. Kijana mmoja aliyetangulia alishamshauri aziweke chemba mifuniko mizito na kuziba kingo kwa saruji ili uchafu usitoke. Ushauri huo ndio ulioufanya uchafu usiwe na njia nyingine ila ndani.

Pale tulipandisha sakafu ya choo na bafu ngazi tatu, kama vile watu wa Jangwani na Kigogo wanavyojenga vyoo vya kupanda, na bomba likatoka juu zaidi. Wapangaji walinung'unika kwamba choo kimekuwa jukwaa. Masika yaliyofuata maji yalijaa uani, yakaishia kwenye ngazi ya pili.

Kwa nyumba ambayo haijafikia hali hiyo, dawa ni nyepesi zaidi. Ya kwanza ni gali, kile kisanduku cha nje chenye mkunjo wa maji na wavu juu, kinachopokea maji ya jikoni na bafu. Mdomo wake uwe chini ya sakafu ya choo chako cha chini kabisa kwa sentimita 15 au zaidi, na uwe nje, mahali pa wazi. Mfumo ukijaa, uchafu utatokea pale. Utachukia, utakanyaga kwa mabuti, lakini godoro lako liko salama. Ninawakuta mafundi wanajenga gali ikiwa juu ya sakafu ya ndani ili peving ipendeze. Ukiliona hilo kwako, usisubiri masika kulirekebisha.

Ya pili ni vali ya kuzuia maji yasirudi. Kariakoo iulize kwa jina la nonritani, na useme ni ya bomba la maji taka la inchi 4, usije ukapewa ya maji safi. Ndani yake kuna ulimi unaofunguka maji yakitoka na kujifunga yakitaka kurudi. Ifungwe ndani ya chemba yenye mfuniko unaofunuka, kwa sababu pampasi moja tu ikikwama kwenye ulimi, vali inabaki wazi na fedha yako imepotea. Isafishe mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika. Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: ulimi ukijifunga, maji yako pia hayatoki. Ukivuta choo, ukioga au ukiwasha mashine ya kufulia wakati ule, utajifurikisha mwenyewe kwa maji yako. Mvua kubwa ikinyesha, watu wa nyumba nzima waache kuvuta choo mpaka ipungue.

Wenye majengo yenye ghorofa la chini ya ardhi, stoo na maegesho ya Kariakoo na Upanga, wana mtihani mkubwa zaidi, maana kila kitu chao kiko chini kuliko barabara. Nina mpwa wangu Chicago, Marekani, ambaye mvua za Julai 2023 zilimkuta anapanga chumba cha chini ya ardhi upande wa magharibi wa jiji. Uchafu ulimtokea kwenye tundu la sakafu usiku. Kule bomba moja la mtaani linachukua maji ya mvua na ya chooni kwa pamoja, mvua ikizidi bomba linashindwa, na mzigo unarudi kwenye nyumba zilizo chini. Kuanzia 1975 walichimba mahandaki ya kuhifadhia maji hayo, zaidi ya kilomita 170, mengine yakifika kina cha karibu mita 90, na bado vyumba vya chini vinafurika. Nilimuuliza mafundi wa huko wanafanyaje. Bomba la nyumba, akasema, linahamishwa litoke juu, usawa wa dari ya chumba cha chini, na choo cha chini kinamwaga kwenye kisima kidogo ambacho pampu inayapandisha maji yake. Nikacheka. Ni choo cha Mwananyamala kile kile, ila chao kina umeme.

Na huo umeme ndio udhaifu wake. Pampu ya shimoni inajiwasha kwa boya, maji yakipanda boya linapanda, pampu inavuta. Mvua kubwa ndiyo hiyo hiyo inayokata umeme. Ghorofa la chini lenye pampu bila jenereta ni bwawa linalongoja siku yake. Pia lisiwe na choo kinachomwaga moja kwa moja kwenye bomba la mtaani kwa mteremko. Mwekezaji akibisha, mwonyeshe mpira wa levo.

Maji taka yakishaingia ndani, umeme kwanza. Zima meni swichi, lakini ikiwa kuifikia ni mpaka ukanyage maji, usiiguse, waite TANESCO wakate kwenye nguzo. Watoto watoke. Vaa mabuti na glavu. Godoro lililolowa maji taka ni la kutupa, hata ulianike wiki nzima, na zulia vivyo hivyo. Sakafu na kuta zioshwe kwa sabuni kwanza mpaka uchafu utoke, ndipo upake dawa, kwa sababu klorini ikikuta tope inaishia kwenye tope. Ile dawa ya madoa ya asilimia 3.5 inayouzwa madukani, changanya kipimo kimoja na maji vipimo sita, iache ikae dakika kumi ndipo uisuuze. Usiichanganye kamwe na asidi ya kusugulia choo. Hewa inayotoka hapo inaunguza mapafu.

Kisha kumbuka tangi la maji safi lililofukiwa chini, ambalo nyumba nyingi za mjini zinalo, mara nyingi hatua chache tu kutoka kwenye karo. Likiwa limefunikwa na mafuriko, maji yake si ya kunywa wala ya kuoshea vyombo. Yamwage, lisugue, litie dawa, ujaze upya. Kisima nacho ni hivyo hivyo. Kipindupindu kilicholipuka Agosti 2015 kilianzia hapa hapa Dar es Salaam kabla ya kusambaa mikoani, na kipindupindu hupita mdomoni.

Jambo moja silifanyii mzaha. Usiingie ndani ya karo, na usimruhusu kijana aingie, hata kwa malipo mazuri. Hewa ya mle inamlegeza mtu kabla hajapiga kelele. Mwenzake akimwona ameanguka anashuka kumwokoa, naye anabaki. Kazi ya karo ifanyiwe juu, kwa pampu na mpira.

Nisiwasahau wanaotapisha vyoo. Mvua ikianza usiku, wanatoboa karo au wanafungua tundu walilolificha kwa gunia, uchafu unashuka na maji ya mvua, asubuhi wanajifanya hawajui. Wanajua unakoenda. Unaenda kwa jirani wa bondeni, kwenye lile bafu lenye alama ya penseli. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inakataza, na mtu huyo anastahili kufikishwa kwa afisa afya. Ila tuseme kweli yote. Vichochoro vingi vya Tandale na Manzese havipitishi lori, na mtu asiye na njia ya gari hana njia nyepesi ya kumwaga kihalali. Pale kuna vijana wenye pampu za mkono na matoroli yenye mapipa, wanaofika lori lisikofika. Manispaa ingewapa sehemu ya karibu ya kushushia mzigo, kutapisha kungepungua kuliko kwa faini.

Kama ndiyo kwanza unajenga, nenda site kabla sakafu haijamwagwa zege, na umwombe fundi akupimie mbele yako kwa mpira wa levo: mfuniko wa chemba ya mwisho, mdomo wa gali, sakafu ya choo. Sakafu ya choo iwe juu kuliko vyote viwili, na uongeze kidogo kwa ajili ya kifusi ambacho jirani na barabara watakileta baadaye. Fundi akikuambia hakuna haja ya kupima, mlipe siku yake, utafute mwingine.